Foleni ya OPD (kitengo cha wagonjwa wa nje) watafiti wanaiitaje? Mwongozo kamili wa kutafuta makala za afya na utawala wa afya kwenye databesi

Mwaka wa kwanza wa masta niliandika kwenye proposo yangu kwamba tafiti za foleni kwenye hospitali za serikali Tanzania "ni chache mno". Supavaiza akanirudishia na wino mwekundu pembeni, "Umetafuta wapi?", na chini yake kaorodhesha makala tisa kwa mkono wake, zote za hapahapa kwetu, mbili zimefanyika hospitali ambayo mimi mwenyewe nilishakaa field miezi miwili. Aisee niliona aibu. Na sio kwamba nilikuwa mvivu, nilikaa maktaba siku mbili nzima, shida ni kwamba nilikuwa natafuta kwenye databesi kama mtu anayegugo bei ya simu. Nilifungua PubMed, databesi ya makala za afya, nikachapa sentensi nzima:

what are the challenges of long waiting time among patients attending public hospitals in Dar es Salaam

Zikaja za kuhesabu kwa vidole, nikahitimisha hakuna kitu. Kumbe PubMed ukiipa sentensi inatupa yale maneno madogo madogo kama what na the, halafu yaliyobaki yote inayaunga kwa AND, maana yake makala isipokuwa na challenges na long na attending na public na hospitals vyote kwa pamoja haiji, sasa yule aliyeandika "government facilities" na utafiti wake ni wa foleni mwanzo mwisho kashaachwa nje getini.

Mimi kwa sasa ni katibu wa afya, na wadogo zetu wanaosoma wananipigia sana simu kuhusu hili, "kaka nisaidie, makala hazipatikani", kwa hiyo naandika mara moja hapa tumalizane. Nitatumia mfano uleule wa foleni mwanzo mpaka mwisho, wewe weka jambo lako.

Anza na karatasi, laptopu ifunge kwanza

Andika swali lako kwa Kiswahili, ndio, Kiswahili, kwa lugha ambayo ungemwelezea nesi wa zamu. Langu lilikuwa hivi: kwa nini wagonjwa wa nje wanakaa sana kwenye benchi hospitali za serikali, na nini kimeshajaribiwa kupunguza. Halafu chora visanduku vitatu. Cha kwanza jambo lenyewe, yaani kusubiri. Cha pili linatokea wapi, yaani OPD, kliniki, hospitali. Cha tatu nchi. Basi. Usichore kisanduku cha changamoto wala sababu wala athari, maana maneno kama challenges, factors na impact kila mtafiti ana lake na wengine hawayaandiki kabisa, ukiyalazimisha unapoteza makala nzuri bure. Hayo utayajua ukishaisoma makala, sio wakati wa kuitafuta.

Sasa ndo inakuja kazi yenyewe, na hapa ndo watu wanaporuka. Kila kisanduku jaza majina yote ambayo hilo jambo linaitwa na watu waliowahi kuliandikia. Benchi la OPD lina wenyewe wengi. Daktari anaandika waiting time. Muuguzi unaweza kumkuta kaandika delay. Mtu wa hesabu na uhandisi hajui benchi, yeye anaandika queue na queuing theory. Watu wa kuboresha huduma wanasema patient flow, wa kitengo cha dharura wanasema crowding, mchumi anahesabu time cost ya mgonjwa. Hao wote wameliangalia benchi lilelile la mbao pale nje ya chumba namba 4, na wote hawasomani!

Na kwetu kuna mlango wa uani pia. Ule mpango wa 5S-Kaizen, wa kupanga sehemu ya kazi na kuboresha huduma kidogo kidogo, ulioanzia hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, ukasambaa hospitali nyingine, unaweza kukuta kazi ya kupunguza foleni imeandikwa chini ya jina la Kaizen, neno waiting liko ndani huko kwenye matokeo tu. Ambaye hajawahi kufanya kazi hospitali zetu hawezi kulijua hilo, wewe unalijua, litumie.

Mfano mwingine wa majina, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Uganda yuko ndani ya Village Health Team, Kenya alikuwa community health volunteer mpaka 2023 wakambadilisha akawa community health promoter, wengine wote wanamwita community health worker. Ukichapa jina moja umepata nchi moja. Na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ndo kichekesho kabisa, sisi tunayo na Kenya walikuwa nayo mpaka ilipopisha SHA (Social Health Authority) mwaka 2024, kwa hiyo ukichapa NHIF peke yake unaletewa ugali na githeri kwenye sahani moja.

Usisahau spelling. Anayetafuta kwa nini kaya hazijiungi na CHF (mfuko wa afya ya jamii) ajue kuna enrolment ya Waingereza na enrollment ya Wamarekani, kuna centre na center, organisation na organization, labour ward na labor ward. Ukishaweka alama za kunukuu usitegemee kompyuta ikubadilishie, andika zote mbili.

Uingie databesi ipi

Kwa mambo ya afya anza PubMed, haina mjadala. Ni ya bure, inatunzwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ina rekodi zaidi ya milioni 37, na kwa bando la kawaida inafunguka vizuri hata kwenye simu, ingawa kwenye simu kazi ya kuunganisha utafutaji ni mateso, tafuta laptopu.

CINAHL iko ndani ya EBSCO, kampuni inayouza databesi, hiyo sio ya bure, mpaka chuo chako kiwe kimelipia. Nguvu yake ni uuguzi na kada nyingine za afya ambazo majarida yao mengine hayamo PubMed. Kama mada yako ni ya wauguzi, mzigo wa kazi, zamu, malezi ya wanafunzi wodini, usiiache.

Kwa utawala wenyewe, fedha, rasilimali watu, manunuzi, uongozi, kuna kitu watu hawakifikirii, nenda na databesi za biashara. Business Source ya EBSCO, ABI/INFORM ya ProQuest, Emerald. Mtu aliyeandika kuhusu motisha ya watumishi au usimamizi wa stoo ya dawa anaweza kuwa mtu wa manejimenti na kachapisha kwenye jarida la manejimenti, PubMed hamna habari naye. Ukiingia huko kisanduku cha pili lazima ukikaze, maana ukichapa queue bila hospital utaletewa foleni za benki na za sehemu za kulipia barabara.

Cochrane Library fungua kama unataka kujua kitu kimeshapimwa kinafanya kazi au hakifanyi, wana kundi zima la mapitio ya jinsi huduma zinavyopangwa na kulipiwa, sio dawa tu kama wengi wanavyodhani. AJOL, iliyoanza 1998 na makao yake Afrika Kusini, ndo utakuta majarida ya Kiafrika ambayo mengi hayamo kwingine. Google Scholar nayo ina kazi yake lakini sio ya kuanzia, nitaisema mbele. Scopus na Web of Science kama chuo kinazo sawa, kama hakina usilie.

PubMed kwa mikono yako

Fungua PubMed, chini ya kile kisanduku cha kutafutia bonyeza Advanced. Usianze ukurasa wa mbele, ukurasa wa mbele ni wa watu wenye haraka.

Kwenye sanduku kubwa la chini, linaloitwa Query box, bandika kisanduku chako cha kwanza peke yake:

"waiting time*" OR "wait time*" OR queue* OR queuing OR queueing OR "patient flow" OR crowding OR delay*

Alama za kunukuu zinafanya maneno yakae pamoja. Nyota inaleta miisho yote, time* inaleta time na times, ila PubMed inataka herufi nne au zaidi kabla ya nyota. OR maana yake lolote kati ya hayo, iandike kwa herufi kubwa, hili ni la kufa na kupona, ukiandika or ndogo PubMed haiihesabu kama amri, inachukulia AND na unarudi palepale pa vidole. Kwenye EBSCO haina shida, ila zoea kubwa tu kila mahali.

Sasa usibonyeze Search. Pembeni ya Search kuna kimshale, kibonyeze utaona Add to History. Bonyeza hiyo. Utaona huko chini imekaa namba 1 na idadi ya makala, itakuwa namba kubwa ya kutisha, usiogope. Halafu bandika kisanduku cha pili:

outpatient* OR "out-patient*" OR OPD OR ambulatory OR clinic OR clinics OR hospital* OR "health facilit*"

Add to History. Cha tatu:

Tanzania* OR Zanzibar OR Tanganyika OR "Dar es Salaam" OR Muhimbili OR Dodoma OR Mwanza OR Mbeya

Majina ya miji weka, kuna waandishi wanaandika mji tu kwenye kichwa cha habari kana kwamba dunia nzima inajua Mwanza iko wapi. Ukishakuwa na tatu, andika kwenye Query box hivi na hapa ndo ubonyeze Search:

#1 AND #2 AND #3

Faida ya kutenganisha hivi ni kwamba ukiharibu unajua umeharibu wapi. Mimi mara ya kwanza nilipofanya hivi ziliniletea rundo la makala za TB na saratani ya shingo ya kizazi, nikashangaa, mbona nimeandika foleni. Nikafungua mbili tatu nikaona tatizo ni delay*, watafiti wa TB wanaitumia sana kwa maana ya mgonjwa kuchelewa kwenda hospitali au kuchelewa kugundulika, sio kukaa benchi. Nikaandika upya namba 1 bila delay*, nikaunganisha tena, ikabaki orodha ambayo unaweza kuisoma vichwa vyote kwa jioni moja na kikombe cha chai. Ukichapa mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo utajuaje kwamba behewa bovu ni la nane?

Ukiona imeingia makala ya Malawi au ya Marekani wakati umeomba Tanzania, angalia anwani za waandishi, mara nyingi mmoja wao anafanya kazi hapa kwetu na PubMed imelikuta neno Tanzania kwenye anwani yake. Dawa yake ni kule juu kwenye Advanced kubadilisha All Fields iwe Title/Abstract kwa kisanduku cha nchi.

Halafu kitu kimoja ambacho kitakuuma usipokijua, historia yako ya utafutaji PubMed inafutika ukikaa masaa 8 hujaigusa. Umeme umekatika saa kumi jioni, umerudi kesho asubuhi, kitu kimepotea. Fungua akaunti ya bure ya My NCBI, ukishalogini sevu utafutaji wako, na hapohapo inakuuliza kama unataka kutumiwa makala mpya kwenye imeili. Weka ndio, mara moja kwa mwezi inatosha.

MeSH, lebo zinazobandikwa kwa niaba yako

Kuna kitu kinaitwa MeSH, kimekuwepo tangu 1960. Makala za majarida yaliyomo MEDLINE, ambayo ndo sehemu kubwa ya PubMed, zinabandikwa lebo za aina moja bila kujali mwandishi katumia neno gani. Zamani zilikuwa zinabandikwa na watu waliokaa wanasoma makala moja moja, siku hizi mashine ndo inabandika na watu wanakagua. Uzuri wake ni kwamba VHT wa Uganda na volunteer wa Kenya wote wanapata lebo moja, Community Health Workers, ukiita lebo wanakuja ndugu wote.

Ukurasa wa mbele wa PubMed shuka chini utaona MeSH Database. Ingia, chapa waiting, soma maelezo ya kila lebo kabla ya kuichukua. Soma kweli, usibahatishe. Waiting Lists ukiisikia unadhani ndo benchi letu, kumbe ni orodha ya watu wanaongojea miadi au tiba, yule anayeambiwa jina lako limeandikwa nenda nyumbani tutakupigia. Iliyobeba muda wa kusubiri ndani yake ni Appointments and Schedules, nani angedhani? Na kwa OPD kuna Outpatient Clinics, Hospital, imeandikwa hivyohivyo kinyumenyume na koma katikati. Lebo nyingi za MeSH ziko hivyo, bima ya afya ni Insurance, Health, hospitali za umma ni Hospitals, Public.

Kwa nchi MeSH ina raha yake. Zimepangwa kama ukoo, ukichukua Africa, Eastern inashuka yenyewe mpaka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na wengine. Ila Kongo haimo, wao wako Africa, Central, kwa hiyo unayefanya kazi Goma au Bukavu ongeza mwenyewe.

Swali ninaloulizwa sana, nitumie MeSH au maneno ya kawaida? Zote. Sio makala zote zina lebo, ziko nyingi zimeingia PubMed kupitia PMC, ghala la bure la makala nzima, na jarida lake halimo MEDLINE, na majarida yetu ya huku mengi yako kundi hilo. Ukitumia MeSH peke yake unawatupa wa nyumbani. Kwa hiyo lebo ya kusubiri iingize kwenye historia, angalia imepewa namba gani, tuseme 7, halafu #1 OR #7, jibu lake ndo unaliunganisha na visanduku vingine kwa AND.

Kuhusu filta za pembeni kushoto, gusa miaka kama una sababu, gusa Systematic Review (mapitio ya tafiti za jambo moja kwa mpangilio) kama unataka kuanza na picha kubwa. Free full text usiiguse kabisa mwanzoni. Najua inavutia, lakini inakuficha makala ambazo ungezipata bure kwa njia nyingine nitakazozisema mbele, halafu unarudi kuandika "tafiti ni chache mno" kama mimi.

Ukipata moja nzuri, ing'ang'anie

Hii ndo njia naipenda kuliko zote. Ukishapata makala moja ambayo ukiisoma unasema hiki ndo nilichokuwa nataka, usiifunge ukaendelea na orodha. Shuka mpaka chini ya ukurasa wake PubMed, tazama MeSH Terms zake, utagundua lebo ambazo hukuziwaza. Mimi niliona Efficiency, Organizational na Patient Satisfaction, zote nikazirudisha kwenye utafutaji. Pembeni utaona Similar articles na Cited by, fungua zote mbili. Halafu ifungue makala yenyewe nenda moja kwa moja kwenye marejeo, marejeo yanakurudisha nyuma miaka, Cited by inakupeleka mbele kwa waliokuja baadaye.

Google Scholar hapa ndo inapata ajira yake. Chapa kichwa cha makala yako nzuri, chini yake bonyeza Cited by, utaona wengi kuliko PubMed, mpaka tasnifu za wanafunzi na ripoti. Unaweza hata kuweka tiki ya kutafuta ndani ya hao waliomnukuu tu, ukachapa Tanzania, ukapata waliofanya kitu kama chake huku kwetu. Ila kwa kutafuta kwa mpangilio Scholar haifai, haina lebo, na hata ikikuambia imepata makala elfu hamsini inakuonyesha 1,000 tu za kwanza.

Sasa kuhusu hizi programu za akili bandia. Kuziuliza majina mengine ya jambo lako ni sawa, zinasaidia kujaza visanduku. Kuziomba makala, hapana. Zinaweza kukutungia kichwa kizuri, jarida la kweli, mwaka, kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Mdogo wangu mmoja kaleta orodha ya marejeo kumi na mbili, nikamwambia chukua kila kichwa ukichape PubMed na Scholar, zikapatikana nne. Makala ya kweli ya PubMed ina PMID, ni namba tu, unaichapa kwenye kisanduku inakuja yenyewe peke yake. Haina PMID basi iwe na DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, inayofunguka. Haina vyote, ishuku mpaka uione kwa macho.

CINAHL kwa wanaoipata

Mantiki ni ileile, visanduku vitatu, historia, kuunganisha. Tofauti ninayoipenda ni kwamba unaweza kuomba maneno yakae karibu bila kujali yameandikwa kwa mpangilio gani:

wait* N3 time*

Hiyo inaleta waiting time, time spent waiting, time patients wait, chochote ambacho maneno hayo mawili yametengana kwa maneno yasiyozidi matatu. CINAHL ina lebo zake pia, hazifanani na MeSH moja kwa moja, kwa hiyo zitafute upya humo usizihamishe. Na kuna filta ya kuondoa rekodi za MEDLINE, ukishamaliza PubMed iwashe ili usisome makala zilezile mara mbili.

Makala nzima bila kutoa dola

Umepata muhtasari, unabonyeza, mchapishaji anataka dola 30 au 40 kwa makala moja. Usitoe hata senti, na usikate tamaa, fuata mpangilio huu.

Tazama kulia juu kwenye ukurasa wa PubMed, ukiona alama ya PMC bonyeza, hiyo ni bure kabisa na ni makala nzima. Majarida kama BMC Health Services Research na Human Resources for Health ni ya wazi yote, hayo huna haja ya kuomba mtu.

Ikishindikana nenda Hinari. Hii watu wetu hawaitumii na inauma. Ilianzishwa na WHO na wachapishaji wakubwa sita mwezi Januari 2002, sasa iko ndani ya Research4Life, na taasisi za nchi za kundi A zinapata majarida maelfu bila kulipa. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni kundi A. Na taasisi hapa sio chuo tu, hospitali inaweza kujisajili, chuo cha kati cha uuguzi, ofisi ya serikali. Namna ya kuingia anayo mkutubi wenu, mfuate. Kuna hospitali nilifanya kazi, paswedi ilikuwa kwenye karatasi ndani ya droo ya mtu aliyestaafu, na madaktari pale juu walikuwa wanachangishana kununua makala.

Kosa la kawaida la Hinari ni hili, mtu anagugo makala, anafika kwa mchapishaji, anaona bei, anasema Hinari haifanyi kazi. Mchapishaji hakujui! Lazima uanze kulogini Research4Life, ufungue jarida kutokea humo ndani, ndo atakutambua umetoka wapi. Hivyohivyo na databesi za chuo, ukiwa nyumbani pitia linki ya maktaba ya chuo na akaunti yako ya mwanafunzi, usiende moja kwa moja.

Bado haijapatikana, weka Unpaywall kwenye brauza, ni kikufuli kinakaa pembeni, kikiwa cha kijani maana yake kuna nakala halali ya bure mahali. Au kwenye Scholar bonyeza All versions. La mwisho mwandikie mwandishi, imeili yake ipo kwenye makala. Andika mistari mitatu, mimi ni fulani, nafanya hiki, naomba nakala ya makala yako hii, asante. Wanajibu, tena wengine wanafurahi kweli, nilishawahi kumwandikia profesa mmoja akanitumia na dodoso lake lote alilotumia.

Usimeze kila kitu

Kuna majarida ya kuchukua pesa tu, unalipa wiki hii wiki ijayo umechapishwa, hakuna aliyesoma. Jina linakuwa kubwa la kimataifa na ofisi haijulikani iko wapi. Kama jarida liko MEDLINE umeshapunguza wasiwasi. Kama haliko, litafute DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, kama ni la wazi, angalia wahariri wake ni watu wa kweli wenye kazi mahali fulani. Jarida kuwa la Kiafrika au kutokuwemo MEDLINE sio kosa, nimeshasema majarida yetu mengi yako nje, ninachosema ni uangalie kabla hujainukuu.

Na kwa utawala wa afya kuna mengi hayamo kwenye databesi yoyote. Ripoti za ukaguzi wa ufanisi za CAG zinasema mambo ya dawa, vifaa na watumishi kwa namba ambazo mtafiti hapati, na ziko wazi kwenye tovuti. Hifadhi za tasnifu za vyuo, tovuti ya wizara, IRIS ambayo ni hazina ya machapisho ya WHO, hazina ya machapisho ya Benki ya Dunia, ripoti za DHS (tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya). Tembelea mwishoni, ukishajua maneno yako vizuri.

Daftari

Kuanzia siku ya kwanza pakua Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure. Kwenye PubMed ukiweka tiki makala ulizozitaka bonyeza Send to, halafu Citation manager, litashuka faili unalifungua na Zotero, mambo ya kuchapa marejeo kwa mkono yameisha. Zilizojirudia kutoka CINAHL na PubMed inakuonyesha yenyewe kwenye Duplicate Items, unaziunganisha.

Na uwe na ukurasa mmoja tu, wa Excel au wa daftari la kawaida, kila ukitafuta andika tarehe, databesi gani, mstari wa maneno nakala kamili kama ulivyouchapa, zimekuja ngapi, umebakiza ngapi. Kama unafanya systematic review hii sio hiari, PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio hayo, inataka hizo namba. Lakini hata kama ni proposo ya kawaida andika. Supavaiza wangu nilipompelekea mara ya pili nilibandika huo ukurasa nyuma kama kiambatisho, akaupitia mstari kwa mstari na kalamu yake nyekundu mkononi, akafika chini, akaandika swali moja tu pembeni, "Kaizen umeiwaza mwenyewe?"